Ovari Zikichoka Kabla ya Miaka 40: Mwongozo kwa Mwanamke wa Mtwara na Lindi

Hedhi ikipotea kwa mwanamke wa miaka 28 au 35, maneno huanza kabla ya vipimo. Huyu atasema mimba imejificha mgongoni, yule atasema damu imepanda juu, mwingine atasema amefungwa na mke mwenza. Mwongozo huu unahusu sababu moja tu kati ya nyingi: ovari (mifuko ya mayai) kulegea au kuacha kazi kabla mwanamke hajafika miaka 40. Si jambo la ajabu. Kwa miaka mingi lilikadiriwa kumpata mwanamke 1 kati ya 100, na makadirio ya karibuni yamepanda hadi 3 au 4 kati ya 100. Chini ya miaka 30 ni nadra zaidi, lakini lipo.

Kwa kawaida hedhi hukoma karibu na miaka 50. Ovari zikichoka miaka 10 au 20 kabla ya hapo, hazipotezi mayai peke yake. Zinaacha pia kutengeneza estrojeni, homoni inayolinda mifupa, moyo na mishipa ya damu, inayolainisha uke na kutuliza usingizi. Tunalitanguliza hili kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mwanamke akishaambiwa "kupata mtoto itakuwa vigumu", mazungumzo huishia hapo. Anarudi nyumbani na huzuni yake, bila dawa aliyostahili kuitumia hadi miaka 50. Miaka 15 baadaye anateleza uwanjani na nyonga inavunjika.

Hatua ya 1: Hesabu miezi, kisha ondoa sababu nyingine

Chukua kalenda au daftari. Andika tarehe ya kila hedhi, imechukua siku ngapi, nzito au matone. Hedhi ikikosekana miezi 4, au ikirukaruka ovyo kwa miezi 4 na zaidi, nenda kituo cha afya na daftari hilo. Usingoje mwaka upite.

Kabla ya kuzilaumu ovari, kuna mambo yanayosimamisha hedhi ambayo ni ya kawaida zaidi:

- Mimba. Pima mkojo kwanza, hata kama una uhakika haiwezekani.
- Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Wengi hawaoni hedhi wakiwa nayo, na baada ya kuiacha hedhi inaweza kuchelewa hata mwaka. Kijiti nacho hufanya hivyo wakati kimo mkononi. Hizo si ovari zilizokufa.
- Kunyonyesha.
- Kupungua sana uzito, utapiamlo, au ugonjwa mzito wa muda mrefu.
- Prolaktini, homoni ya maziwa, kupanda. Dalili yake ni maziwa kutoka na hunyonyeshi. Dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika huipandisha.
- Tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi.
- Ovari zenye vifuko vingi, ambazo huleta hedhi zinazoachana sana pamoja na chunusi na nywele za kidevuni.

Yako mawili ambayo wahudumu wenyewe huyapita. La kwanza ni mama aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi. Hapo tatizo huwa ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iliyokosa damu siku ile. Ovari zake ni nzima ila haziamrishwi. Mama huyu anaweza kukosa homoni nyingine za kumweka hai, kwa hiyo asiishie kwenye vidonge vya hedhi. La pili ni kizazi chenye makovu, baada ya kusafishwa au baada ya kifua kikuu cha kizazi. Damu haitoki kwa sababu ukuta umeshikana, huku ovari zikiendelea na kazi.

Hatua ya 2: Usilichanganye joto hili na malaria

Hili linapoteza muda na dawa nyingi huku Kusini. Mwanamke anaamka saa nane usiku kanga imelowa, asubuhi amechoka, anapewa dawa mseto. Wiki mbili baadaye hali ni ileile, anapewa tena.

Joto la ukosefu wa estrojeni lina tabia yake. Huanzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni kama mtu aliyeinamia chungu cha ubwabwa. Moyo unadunda, jasho linamwagika, kisha ubaridi unafuata. Kwa kawaida hudumu dakika 1 hadi 5 na linaweza kurudi mara kadhaa kwa siku. Weka kipimajoto kwapani wakati huohuo: kitasoma 36 na ushee, kwa sababu hakuna homa. Kichwa hakiumi kama cha malaria na viungo havivunjiki. Hata hivyo kipimo cha haraka cha malaria kifanyike; kikiwa hasi mara mbili na jasho linaendelea, acha kumeza dawa mseto. Jasho la usiku linaloandamana na kukonda au kikohozi cha wiki 2 linadai makohozi yapimwe kifua kikuu, na VVU ipimwe pia.

Dalili nyingine ni uke kuwa mkavu na tendo la ndoa kuuma, usingizi kukatika, viungo kukakamaa, hasira za karibu, kusahausahau, na mkojo kuwasha bila maambukizi. Wapo wasiohisi lolote isipokuwa hedhi kukosekana. Hao nao wanahitaji dawa sawasawa na wengine, maana mfupa haulalamiki mpaka uvunjike.

Hatua ya 3: Vipimo na namna ya kusoma majibu

Zahanati itapima mimba, malaria, shinikizo la damu na VVU. Kwa vipimo vya homoni anzia hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Walio upande wa Masasi huwa karibu na Ndanda, na walio njia ya Lindi huwa karibu na Nyangao. Piga simu kabla ya kupanda basi na uulize maswali matatu: kitendanishi (dawa ya maabara) cha kupimia FSH, homoni ya ubongo inayoziita ovari, kipo wiki hii? Sampuli inapimwa hapohapo au inasafirishwa Dar es Salaam? Bei ni ngapi, na bima yangu inagusa kipi? Safari ya kutoka Newala au Liwale kwa ajili ya kitendanishi kilichoisha inakatisha tamaa, na wengi hawarudi tena.

Omba hivi: FSH, estradioli (estrojeni kuu ya mwili), prolaktini, TSH (ya tezi ya shingo) na ultrasaundi ya nyonga. Kama bado unapata hedhi ya kurukaruka, damu itolewe kati ya siku ya 2 na ya 5 tangu hedhi kuanza. Kama hupati, siku yoyote inafaa.

FSH ni sauti ya ubongo ikiziita ovari. Ovari zikiitika, sauti hushuka. Zisipoitika, ubongo huzidi kupaza. Kwa hiyo FSH ya juu haimaanishi nguvu, inamaanisha ovari hazisikii. Namba inayotumika ni zaidi ya 25. Karatasi moja inaweza kuandika mIU/mL na nyingine IU/L. Usishtuke, namba ni ileile. Estradioli huwa chini, mara nyingi chini ya 50 kwa kipimo cha pg/mL. Ikiwa maabara imetumia pmol/L, gawanya kwa 3.67 upate pg/mL.

Mwongozo wa kimataifa wa 2024 unakubali kipimo kimoja cha FSH kilichozidi 25 pamoja na historia ya hedhi. Kukiwa na shaka, kirudiwe baada ya wiki 4 hadi 6. Sisi tungekirudia kwa mwanamke yeyote ambaye dalili zake hazilingani na majibu, kwa sababu ovari hizi huzima na kuwaka. Mwezi huu FSH inaweza kuwa 60, mwezi ujao 18.

Na FSH ikiwa ya chini au ya kawaida huku hedhi haipo? Ikirudiwa ikabaki hivyo, basi si ovari kuchoka. Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1, hasa tezi ya chini ya ubongo na kizazi.

Majibu huharibika kwa mambo mawili. Vidonge vya majira hushusha FSH, hivyo viachwe kama wiki 6 kabla ya kupima, huku ukitumia kondomu. Na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi hupotosha mashine za homoni. Viache siku 2 au 3 kabla, na umwambie mtu wa maabara. Watu hawavihesabu kuwa dawa, kwa hiyo hawavitaji.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo, lakini usikwame hapo

Kwa wanawake wengi chanzo hakipatikani, na kutopatikana hakubadili matibabu. Visivyoruhusiwa kupitwa ni hivi.

Muulize mama yako, mama wadogo na mashangazi hedhi zao zilikoma wakiwa na umri gani. Kama ukoo una wanawake waliokoma kabla ya 40, au watoto wa kiume wenye ulemavu wa akili, mwambie daktari, kwani ipo hitilafu ya jeni inayounganisha mambo hayo mawili.

Taja matibabu ya saratani uliyopata. Mionzi ya nyonga, ambayo hutumika kwa saratani ya mlango wa kizazi, na dawa kama siklofosfamidi huua mayai. Anayekwenda kuanza tiba Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, aulize kuhusu uzazi kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu baada yake swali hilo linakuwa limechelewa. Upasuaji wa uvimbe wa ovari zote mbili nao hupunguza akiba.

Kipimo cha kromosomu (nyuzi za urithi) kinafaa, hasa kwa mwanamke mfupi sana au ambaye hakuwahi kuvunja ungo. Sampuli hii kwa kawaida husafirishwa na majibu huchukua wiki nyingi. Estrojeni isingoje majibu hayo.

La hatari kuliko yote ni tezi za juu ya figo. Kinga ya mwili inayoshambulia ovari huweza kuzishambulia tezi hizo pia. Dalili zake ni fizi na mistari ya viganja kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, kizunguzungu ukisimama, kutapika, kukonda na hamu kali ya chumvi. Mwenye dalili hizi aende hospitali siku hiyohiyo. Homa ndogo inaweza kumwangusha.

Hatua ya 5: Rudisha estrojeni, na uitumie hadi miaka 50

Tukisema dawa ya homoni, wengi huuliza kama italeta saratani. Hofu hiyo inatokana na tafiti za wanawake waliokwisha kupita ukomo wa kawaida, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Kwa mwanamke wa miaka 32 hali ni tofauti kabisa, kwani dawa inarudisha kile ambacho wenzake wa rika lake wanatengeneza wenyewe. Haijaonekana kumwongezea saratani ya titi kuliko wenzake hao wenye hedhi. Kukosa estrojeni ndiko kunakomwongezea hatari, ya mifupa na ya moyo.

Utaratibu unaotumika sana ni estradioli mg 2 kwa mdomo kila siku bila mapumziko. Wengine huhitaji hadi mg 4. Mwenye kizazi lazima aongezewe projesteroni: medroksiprojesteroni mg 10 kwa siku, au projesteroni asilia mg 200 wakati wa kulala, kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi mwezi hadi mwezi mpaka ukaota saratani, na projesteroni ndiyo inayouangusha. Aliyeondolewa kizazi haihitaji. Ili usichanganyikiwe, funga projesteroni kwenye kalenda: tarehe 1 hadi 12 ya kila mwezi, basi. Siku chache baadaye damu kidogo itatoka. Isipotoka mwezi fulani, ilhali imekuwa ikitoka kila mara, pima mimba.

Kama estradioli haipatikani au bei imekushinda, vidonge vya majira vyenye homoni mbili ni mbadala unaokubalika, na vipo hadi zahanati za vijijini. Vingi vina ethinilestradioli mikrogramu 30 na levonojestreli mikrogramu 150 au homoni ya jamii hiyo. Lakini hapa pana mtego. Fungua pakiti uitazame: vidonge 21 vina homoni, na 7 vya rangi ya kahawia ni madini ya chuma tu. Kwa mwanamke anayezuia mimba, siku hizo 7 hazina neno. Kwako wewe ni siku 7 za mwili kukaa bila estrojeni, mara 13 kwa mwaka. Hizo ni siku 91, robo nzima ya mwaka, na joto hurudi wiki hiyohiyo. Kwa hiyo ukimaliza vile 21, anza pakiti mpya kesho yake. Unganisha pakiti 3, kisha pumzika siku 4 tu damu itoke, halafu endelea. Utatumia pakiti 16 au 17 kwa mwaka badala ya 13. Mweleze muuguzi wa uzazi wa mpango sababu yake, la sivyo atadhani unavigawa au unakosea kuvimeza. Ni vizuri daktari aandike kwenye kadi yako "ovari zimekoma mapema, tiba ya homoni, asipumzike siku 7".

Usikubali kubadilishiwa kwa vidonge vya mama anayenyonyesha, sindano wala kijiti ukidhani ni kitu kimoja. Vyote hivyo havina estrojeni hata chembe, na sindano ya miezi 3 hupunguza mfupa juu ya upungufu ulionao.

Nani asitumie vidonge vya majira vyenye homoni mbili? Mwenye shinikizo la 140/90 na kuendelea, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, na mvutaji sigara mwenye miaka 35 na zaidi. Wengi wa hawa wanaweza kutumia estrojeni ya kupita kwenye ngozi, ya kubandika au ya jeli, kwa maelekezo ya daktari. Aliyeugua saratani ya titi asitumie estrojeni ya aina yoyote kabla daktari wake wa saratani hajasema.

Plasta ya kubandika katika joto letu ina adabu zake. Bandika chini ya kitovu au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi na kavu, isiyo na mafuta ya nazi wala losheni. Ukijipaka mafuta baada ya kuoga, plasta itaserereka kabla ya magharibi. Ikandamize kwa kiganja sekunde 10, na uibadilishe mara mbili kwa wiki sehemu nyingine. Dozi ya kawaida kwa umri huu ni mikrogramu 50 hadi 100, na projesteroni bado inahitajika.

Dawa zinazogongana: rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, huichoma estrojeni haraka ini likaimaliza. Anayetumia ARV ya kidonge kimoja chenye dolutegraviri hana shida na homoni, ila vidonge vya kalsiamu na vya chuma huzuia ARV hiyo kufyonzwa. Ameze ARV saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula. Kidonge cha tezi ya shingo kitenganishwe na kalsiamu kwa saa 4.

Wiki za mwanzo matiti huuma na kichefuchefu huja. Hutulia ndani ya miezi 2 au 3. Meza usiku baada ya kula. Ramadhani, kidonge kihamishie kwenye futari na ukibakize saa hiyohiyo mwezi mzima. Kuhusu damu inayoletwa na dawa, na hukumu yake katika swala na saumu, muulize sheikh ukimweleza wazi kwamba ni damu ya kila mwezi inayoratibiwa kwa vidonge.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, pumzi zinakata kwa ghafla, kifua kinabana, kichwa kinapasuka huku macho yanafifia, au upande mmoja wa mwili unalegea. Damu isiyo na mpangilio ikizidi miezi 6 inahitaji ultrasaundi ya kizazi.

Dawa isikatike. Hapa ndipo tiba nyingi hufia. Pesa ya korosho huingia minada ikianza Oktoba, ya ufuta huingia katikati ya mwaka. Ukipokea malipo ya chama cha ushirika, nunua ya miezi 6 kabla ya vitenge, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila pakiti. Weka akiba ya mwezi mmoja isiyoguswa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam, Kusini nzima ilikaa siku kadhaa ikisubiri bidhaa. Hifadhi dawa mahali pakavu chini ya nyuzijoto 30. Juu ya kabati chini ya bati si mahali pake, wala kwenye kapu karibu na jiko. Ndani ya sanduku la nguo lililo sakafuni panafaa zaidi.

Hatua ya 6: Lisha mfupa

Lengo ni kalsiamu kama mg 1,000 kwa siku na vitamini D ya IU 800 au zaidi. Dagaa wakavu wanaoliwa na miiba yao ni hazina. Ukiwachambua vichwa na mifupa umeitupa kalsiamu. Glasi ya maziwa ina kama mg 300. Unga wa ulezi una kama mg 340 kwa gramu 100. Ufuta wetu usiokobolewa una takriban mg 88 kwa kijiko kimoja cha chakula, ingawa sehemu yake haifyonzwi. Mchicha una sifa kuliko faida katika hili, kwani asidi iliyomo huishika kalsiamu yake. Ming'oko na muhogo hushibisha lakini usivihesabu.

Anayevaa baibui siku nzima na kufanya kazi ndani hapati jua la kutosha hata akiwa Mikindani. Aongeze kidonge cha vitamini D. Tembea kwa kasi, panda mlima, beba ndoo: mfupa hukomaa kwa kubebeshwa uzito. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, ila mfupa hauongezeki. Mashine ya kupima mfupa usitarajie kuikuta jirani, na kutoipata si sababu ya kuahirisha tiba. Pima urefu wako ukutani kila mwaka bila viatu. Ukipungua sentimita 2 au zaidi, mwambie daktari.

Hatua ya 7: Mtoto, ndoa na maneno ya watu

Ovari zilizochoka mapema si sawa na ukomo wa uzee. Kati ya wanawake 100 wenye hali hii, kama 5 hushika mimba wenyewe bila msaada, wengine wakiwa katikati ya tiba. Estradioli na projesteroni ya mpangilio haizuii mimba. Asiyetaka kuzaa atumie vidonge vya majira au njia nyingine, anayetaka aendelee kukutana na mumewe mara 2 au 3 kwa wiki bila kuhesabu siku za yai, maana hazihesabiki.

Klomifeni, kidonge cha kuchochea yai, haisaidii hapa. Kazi yake ni kuufanya ubongo utoe FSH zaidi, na wewe FSH unayo tele. Hakuna mzizi, mafusho wala sindano iliyothibitika kurudisha mayai, na anayekuuzia "dawa ya kufungua ovari" kwa laki tatu anakula nauli yako ya Dar es Salaam. Njia yenye matumaini makubwa ni kupandikiza kiinitete kilichotokana na yai la mwanamke mwingine. Ni ghali, na dini zina msimamo juu yake, kwa hiyo zungumzeni na sheikh au padri kabla ya kuuza shamba. Mume naye apime shahawa, hata kama ana watoto nje. Mwenye hitilafu ya kromosomu apigwe picha ya moyo na mshipa mkuu kabla ya kujaribu mimba ya aina yoyote, kwani mshipa huo unaweza kupasuka.

Kulea pia ni njia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mlango wa kuasili mtoto kisheria, na uamuzi hutolewa mahakamani. Na kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao asili yao ukoo hufuata upande wa mama, mtoto wa dada hajawahi kuwa mgeni kwa mama mdogo. Hilo ni jambo la kuliegemea.

Kwa ukavu wa uke tumia kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi hulainisha vizuri lakini hupasua kondomu. Ukavu ukibaki licha ya vidonge, omba krimu ya estrojeni ya ukeni. Shabu, ugoro na mafusho huunguza ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Somo au kungwi akishauri hivyo kwa nia njema, mjibu kwa heshima kwamba daktari amekataza.

Neno "tasa" limevunja ndoa nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Nenda kliniki na mumeo siku ya majibu, asisikie habari kwa dada zake. Ukikosa pa kuanzia, sema: "Mume wangu, ovari zangu zimepunguza homoni mapema, kama kongosho la mwenye kisukari linavyopunguza insulini. Nitatumia dawa hadi miaka 50. Sikufanya kitu kibaya, wala hakuna aliyenifunga." Kwa mama mkwe inatosha: "Mama, nina upungufu wa homoni, natibiwa." Hudaiwi maelezo zaidi. Huzuni ikikunyima chakula au ikakuletea mawazo ya kujidhuru, huo ni ugonjwa wa pili na una tiba yake. Useme hospitalini kama unavyosema joto.

Kwa msichana ambaye hajavunja ungo

Asiye na dalili ya matiti akifika miaka 13, au asiyepata hedhi akifika 15, apelekwe hospitali. Katika unyago hufundishwa namna ya kuitunza damu. Makungwi wakiongeza na umri huu, wangewaokoa wengi. Msichana huyu asianzishiwe vidonge vya majira moja kwa moja. Estrojeni kwake huanza kwa dozi ndogo sana na kupandishwa polepole kwa miaka 2 au 3, projesteroni ikifuata baadaye; ukiharakisha, matiti hukomaa vibaya na hayarekebishiki. Hii ni kazi ya daktari bingwa. Kipimo cha kromosomu kikionyesha kromosomu ya kiume, kokwa zilizo tumboni huweza kuota uvimbe, na kwa kawaida hushauriwa kuondolewa.

Ratiba baada ya kuanza

Rudi baada ya miezi 3: shinikizo la damu, dalili, jinsi damu inavyotoka. Kisha kila mwaka: shinikizo, uzito, sukari, lehemu, TSH, urefu, na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa ratiba ya kawaida. Uliza dalili za tezi za juu ya figo kila safari. Joto likiendelea licha ya mg 2, usiongeze mwenyewe. Kwanza hesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti ujue kama kweli vilimezwa vyote, kisha daktari apandishe dozi. Na dada zako wenye hedhi za kurukaruka wapime FSH mapema, kabla hawajafika ulipofika.